Kuvuka Mlima Kiboriani kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Njia ya Zamani Kati ya Mpwapwa na Kongwa

Ukiwa Mpwapwa mjini, mkoani Dodoma, ukatazama kaskazini, mgongo wa Kiboriani unaziba upeo wote. Nyuma yake ndiko Kongwa. Kwa kipimo cha ndege miji hii miwili haijaachana hata kilomita 20, lakini basi huuzunguka mlima, na leo hata kijana aliyezaliwa hapa atakuambia kwamba Kongwa huendwa kwa gari au bodaboda tu. Babu yake alikuwa akivuka kwa juu, na mbuzi wa kuuza mnadani mbele yake.

Nimejaribu kuvuka mara nne. Mara ya kwanza nilishindwa, na nitaeleza sababu, maana kosa langu ni rahisi kulirudia. Mara tatu zilizofuata nilifika. Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Kiboriani akilini, ila hatua zake zitakufaa pia kwenye vilima vya Chenene, kwenye kingo za Irangi kule Kondoa, au kwenye safu ya Rubeho kusini mwa wilaya ya Mpwapwa. Sitakuchorea kona kwa kona. Njia hizi hubadilika kila kifuku: korongo hula ukingo, mti huanguka, mtu hufungua shamba jipya. Ninachoweza kukupa ni namna ya kuitafuta njia, kuitambua ukiiona, na kurudi mzima.

Wapagazi walituachia somo la maji

Kabla ya reli ya kati kufika Dodoma mwaka 1910, kila kilichotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji kilipita kichwani au begani mwa mtu. Mpwapwa kilikuwa kituo kikubwa cha misafara hiyo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita pande hizi mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kabla na baada yao maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Mpwapwa ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Kwa nini misafara ilisimama hapa? Maji. Mito midogo inayoshuka milimani iliwapa wapagazi maji matamu, na mbele yao, kuelekea Ugogo, kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Marenga ni maji, na mkali unaelewa mwenyewe: maji ya chumvi, yasiyokata kiu. Basi walipumzika Mpwapwa, wakala, wakajaza vibuyu, kisha wakafanya tirikeza. Hilo ndilo lilikuwa jina la mwendo wa kuondoka mchana, kulala njiani bila maji, na kuamka alfajiri kuyawahi maji ya mbele kabla jua halijapanda.

Nimeanza na habari hiyo kwa makusudi. Anayepanga safari ya mlimani kwa kuanza na kilele atapata shida. Hawa walianza na maji, wakaipima njia yote kutokana na hayo, na katika Tanzania ya kati, ambako Dodoma hupata kama milimita 570 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, bado hakuna namna nyingine ya kupanga.

Hatua ya kwanza: waulize watu, na uulize vizuri

Ukimwuliza mzee, "Njia ya kwenda Kongwa kwa juu bado ipo?", atakujibu ipo, kwa sababu kichwani mwake ipo. Mimi nilijibiwa hivyo, nikashukuru, nikaenda. Siku ile sikuuliza lingine, na ndiyo siku niliyoshindwa. Niliporudi kwa babu yuleyule, nguo zimechanika na midomo imekauka, alinitazama akasema: "Njia ipo, mjukuu wangu. Miguu ndiyo imehama." Kisha akanikalisha, akanieleza kwa saa mbili nzima yale niliyopaswa kuuliza.

Uliza walikuwa wakinywea wapi. Uliza pa kwanza kupumzika palikuwa wapi, na kwa nini hapo. Uliza mwenye mzigo alipita wapi na asiye na mzigo alipita wapi, kwani mara nyingi hizo ni njia mbili: ya mkato iliyosimama wima, na ya kuzunguka ambayo mama mwenye mtoto mgongoni au mzee mwenye mkongojo aliiweza. Wewe na begi lako ni mwenye mzigo, fuata ya pili. Uliza walivuka mwezi gani na waliacha mwezi gani. Muhimu kuliko yote, omba majina: jina la kila kijito, jabali, mti mkubwa na tambarare. Jina la Kigogo au la Kihehe likitafsiriwa hukwambia habari yenyewe, kwamba hapa pana maji, hapa pana upepo, hapa palizikwa mtu. Yaandike kwa mfuatano kama anavyoyataja, hata kama huelewi.

Usiishie kwa wazee wa kiume. Akina mama wanaookota kuni na kuchuma mboga za porini wanaujua ubavu wa chini jinsi ulivyo wiki hii, siyo ulivyokuwa mwaka 1970. Vijana wa mifugo wanajua chemchemi ipi bado ina maji. Warina asali wanajua juu kabisa, mahali ambapo hakuna mwingine mwenye shughuli ya kumfikisha. Ukiunganisha makundi haya matatu na kumbukumbu ya mzee, unayo njia nzima. Kila mmoja anashika kipande chake.

Na salamu usiifupishe. Shikamoo kwanza, au "Mbukwenyi" ukiwa kwa Wagogo, kaa unapokaribishwa, kunywa unachopewa, ndipo useme shida yako.

Hatua ya pili: ramani na hesabu ya muda

Tafuta ramani ya mandhari ya kipimo cha 1:50,000, ile ya idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Nyingi zilichorwa miaka mingi iliyopita, na kwa kazi yetu huo ni utajiri: njia za miguu ambazo ramani za simu hazizijui bado zimo, kwa vistari vya kukatika. Kisha fungua picha za setilaiti kwenye simu au kompyuta, chagua za kiangazi, ufuatilie vistari vile. Njia inayotumika huonekana kama uzi mweupe. Pale uzi unapofifia na kupotea ndipo pa kumrudia mzee na maswali. Hifadhi ramani hiyo kwenye simu iweze kufunguka bila intaneti, na karatasi ubebe pia ndani ya mfuko wa plastiki.

Sasa muda. Mpanda milima wa Uskochi aitwaye Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa njia safi. Kwa njia iliyoachwa, ambapo utasimama kutafuta, kukata tawi, kurudi nyuma na kujaribu tena, mimi huzidisha mara mbili. Chukulia safari ya kilomita 20 pamoja na mizunguko, na kupanda mita 900 kwa jumla. Kanuni inakupa saa nne za kutembea na saa moja na nusu ya kupanda. Zidisha mara mbili: saa kumi na moja. Mchana wa huku ni saa kumi na mbili tu. Maana yake ukichelewa kidogo tu utakuwa gizani kwenye mteremko usioujua. Kwa hiyo panga kulala usiku mmoja mlimani, au panga kupanda na kushuka upande uleule. Mtu anayekuambia uvuke kwa siku moja kwa sababu "ni karibu tu" ametazama kipimo cha ndege.

Hatua ya tatu: ruhusa

Sehemu ya juu ya milima mingi ya huku ni msitu wa hifadhi. Pita ofisi ya misitu ya wilaya, au ya Wakala wa Huduma za Misitu, ueleze unakwenda wapi na kama utalala. Kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji mnachoanzia: saini kitabu cha wageni, acha namba ya simu na siku ya kurudi. Mwombe akupe mwenyeji wa kukuongoza, na mkubaliane malipo mbele yake, chakula cha mwenyeji kikiwa juu yako. Mgeni anayeonekana porini bila taarifa hudhaniwa mchimba madini au mwizi wa mbao, na wanaomwona wana haki ya kumwuliza.

Hatua ya nne: msimu

Juni ni mwezi wangu. Mvua imekwisha, vijito vya juu bado vinatiririka, nyasi zimeanza kulala, jua halijawa kali. Julai na Agosti panafaa pia, ila upepo huvuma mchana kutwa na usiku baridi ya mgongoni ni ya kweli. Beba sweta zito na usidanganywe na joto la mjini. Kuanzia Septemba chemchemi ndogo hukauka moja baada ya nyingine, na moto kichaa huanza kupita milimani. Oktoba na Novemba ni joto, vumbi na ukungu wa moshi unaokuficha hata mlima wa pili. Kati ya Januari na Aprili usiende kabisa: nyasi zinakuzidi kimo, mawe yanateleza, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kushusha maji ya kukuchukua jioni, hata kama pale uliposimama haijanyesha.

Hatua ya tano: maji

Hapa ndipo nilipokosea. Nilibeba lita mbili na imani kwamba mlima wenye miti lazima una maji. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Saa sita mchana chupa zilikuwa tupu, nikafuata kijinjia nilichodhani kinakwenda kwenye chemchemi, kikanishusha kwenye korongo la mawe matupu, na kutoka mle kulinichukua saa tatu. Nilikuwa peke yangu. Nilishuka upande uleule wa Mpwapwa usiku, kwa mwanga wa simu.

Hesabu lita nne kwa mtu kwa siku, tano kukiwa na joto. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo siku mbili ni kilo nane, na ukiongeza ya kupikia unafika kumi. Hakuna anayebeba kilo kumi za maji kwa raha kwenye mwinuko. Ndiyo maana njia yote inapangwa kwa chanzo kimoja cha maji cha juu ambacho umehakikishiwa na mtu aliyekiona ndani ya wiki moja iliyopita. Siyo mwaka jana, wiki iliyopita. Ondoka chini na maji ya kukufikisha pale na kukurudisha chini tena bila kuyagusa ya pale. Ukiyakuta, unajaza na kuendelea. Usipoyakuta, unageuka bila mjadala, kwa sababu maji ya kurudia unayo.

Maji ya juu huwa mazuri kwa macho, lakini ng'ombe na nyani wanayanywa kabla yako. Chuja kwa kitambaa, kisha chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika tatu, au tumia vidonge vya klorini na kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kule chini kwenye nyika, maji ya chumvi kuyachemsha hakuyafanyi matamu. Onja kidogo kwanza, na ukiyakuta ya chumvi usiyategemee.

Kila mtu abebe pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kutapika au kujibu ovyo juani, msimamishe kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji shingoni na kwapani umpepee, anyweshwe kidogo kidogo kama bado ana fahamu zake, na safari ya kupanda imeishia hapo.

Hatua ya sita: mzigo

Viatu vya kufunga vyenye meno, vilivyozoeleka mguuni. Mwenyeji wako atakupita akiwa na makatambuga, usimwige. Suruali ndefu ngumu na shati la mikono mirefu, kwa ajili ya miiba na upupu. Kofia. Tochi ya kichwani na betri za akiba, pawabenki, filimbi, dira, kiberiti kwenye mfuko usioingia maji, turubai dogo na kamba, shuka zito. Panga moja kwa kundi zima linatosha. Dawa: bandeji ndefu mbili, plasta, dawa ya maumivu, kibano cha kutolea miiba, na dawa zako mwenyewe kama unatumia.

Chakula kisiwe cha kukutaabisha: karanga za kukaanga, mihogo mikavu, mayai ya kuchemsha kwa siku ya kwanza, unga na dagaa kwa usiku, ubuyu wa kumung'unya njiani. Ubuyu hukata ukavu wa mdomo kuliko pipi yoyote.

Hatua ya saba: kuisoma ardhi

Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa mbili za kwanza, kabla jua halijashika, zinafaa kuliko nne za baadaye.

Ubavu wa chini utakuchanganya kuliko juu, kwa sababu huko njia ni nyingi mno. Za ng'ombe utazijua hivi: zinagawanyika na kuungana tena, zinazunguka kila kichaka, na mara nyingi zinakwenda sambamba tatu au nne. Ng'ombe hapangi kufika, anakula. Njia ya kuni huanza pana na kuishia kwenye visiki vilivyokatwa. Ya mrina asali ni nyembamba na huishia chini ya mti wenye mzinga. Ya wanyama hupita chini ya matawi kama handaki. Ikikulazimu kuinama kila hatua kumi, haikutengenezwa na mtu aliyebeba mzigo kichwani. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa. Mpagazi alihitaji nafasi ya kichwa na mzigo, na njia yake, hata ikiota majani, bado inapita mahali ambapo miti mikubwa imeachana.

Tafuta mfereji. Nyayo za miaka mingi hukandamiza udongo, mvua ikamalizia, na njia inabaki imezama kidogo kuliko kingo zake hata kama nyasi zimeifunika. Macho yanaweza yasiuone, miguu inausikia. Nenda polepole, ukitoka nje yake utahisi ardhi imelegea. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kivuli cha mfereji huo huonekana ubavuni mwa mlima kutoka mbali, kwa hiyo ukifika mahali pa wazi simama, geuka nyuma na utazame ulikotoka na unakokwenda.

Tazama mteremko wenyewe. Njia inayopanda kwa mwinamo uleule na kukata kona kwa mpangilio, yenye mawe yaliyopangwa upande wa chini, ilichimbwa na watu waliopimiwa. Wamisionari wa Kianglikana, waliofika Mpwapwa mwaka 1876, baadaye walikuwa na kituo juu ya Kiboriani, na vituo vya namna hiyo vilihitaji njia za kupandishia vitu. Njia iliyofanywa na miguu tu hupanda moja kwa moja kwenye mgongo wa kilima, kwa sababu mgongoni hakuna korongo la kuvuka wala kichaka kizito. Ukiipoteza, panda mgongoni kwanza, usishuke bondeni. Bonde linavutia kwa kuwa ni la kushuka, na mimi lilinimeza.

Kisha miti. Mwembe peke yake katikati ya pori haukuota wenyewe. Aliyekula embe alipita au alikaa. Minyaa iliyosimama kwa mstari ilikuwa ua wa boma. Mkonge ubavuni ni mpaka wa mtu. Mbuyu wenye vishikio vya zamani vya kukwelea ulikuwa na wenyewe. Mkwaju mkubwa kwenye tambarare ndogo kabla ya mwinuko mkali karibu kila mara ni pa kupumzika, na mzee wangu aliutaja wake kabla sijauona: "Ukifika kwenye mkwaju, tua, kula. Baada ya hapo hutapata pa kukaa." Ilikuwa kweli tupu. Ukikuta vigae vya vyungu, jiwe la kusagia au makaburi, pita kando, usiokote kitu wala kusogeza jiwe. Wapo wanaojua ni ya nani.

Weka kanuni ya dakika kumi. Mkikosa alama yoyote kwa dakika kumi, simameni wote. Mmoja abaki alipo na filimbi, wengine wazunguke nusu duara kwa umbali wa kusikiana. Msipopata, rudini mpaka alama ya mwisho mliyokuwa na uhakika nayo, na mwanzie hapo. Inauma kurudi ulikokwisha kupanda. Kila mara niliyokataa kurudi, nilirudi baadaye kutoka mbali zaidi.

Alama zako mwenyewe weka kwa mawe matatu yaliyopandana. Usichanje miti, na rangi usipake.

Hatua ya nane: yatakayokusumbua

Upupu ni wa kwanza. Maganda yake hukomaa kiangazi, na upepo unaweza kukurushia nywele zake bila kuugusa mmea wenyewe. Usijikune. Bandika plasta ya kunata juu ya ngozi na uibandue, mara nyingi uwezavyo, ndipo uoshe kwa maji.

Nyoka wengi watakuwa wamekwisha ondoka kabla yako wakisikia mtikisiko wa miguu. Kifutu haondoki, hulala kimya njiani na kukung'ata ukimkanyaga. Kwa hiyo macho chini, fimbo mbele, usitie mkono usipopaona. Mtu akiumwa: atulie, vueni pete na viatu vya mguu huo, fungeni ubao au fimbo kando ya kiungo kisicheze, mbebeni. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu, msipoteze saa nzima kutafuta jiwe la nyoka. Hospitali ya wilaya ndiyo dawa. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa nzima, hata kama ni maji ya kunywa.

Nyuki: usipake manukato, usirushe mawe kwenye mti wenye mzinga, na wakianza kukimbiza, kimbia ukiwa umefunika uso, usisimame kuwapiga.

Pa kulala chagua tambarare ya wazi yenye upepo mdogo, mbali na njia ya maji. Usilale kamwe ndani ya tembe lililoachwa au zizi la zamani la mbuzi, hata mvua ikinyesha. Papasi, aina ya kupe, huishi humo kwa miaka wakisubiri damu, na homa yao huja, ikaondoka, ikarudi. Ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya safari, mweleze daktari ulilala wapi. Usiridhike na kipimo cha malaria peke yake. Chakula funga na ukitundike, fisi wapo. Moto uwe mdogo, kwenye udongo mtupu, uzimwe kwa maji na kufukiwa mpaka mkono uhisi baridi.

Mtandao wa simu hupotea mabondeni na mara nyingi hurudi mgongoni. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Lakini msaada wa kwanza kufika utatoka kijijini, kwa hiyo namba ya mtendaji na ya mwenyekiti wa kitongoji ziwe kwenye simu ya kila mmoja wenu, na kwenye karatasi.

Hatua ya tisa: mgongoni, na kushuka

Kabla ya kuondoka, wekeni saa ya kugeuka na muitaje kwa sauti wote wasikie. Sisi huweka saa nane mchana: kama hatujafika kwenye maji ya juu, tunarudi. Anayekubali saa hiyo akiwa kijijini ameshiba huwa mgumu akiwa amebakiza kilima kimoja, ndiyo maana inatajwa mbele ya mashahidi.

Juu, hewa ni nyingine. Asubuhi ukungu unaweza kulala mgongoni mpaka saa tatu. Msitembee ndani yake, chemsheni chai msubiri. Ukifunguka, upande wa kaskazini mtaiona tambarare ya Kongwa, ile ambako serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, kwa kuwa udongo uligeuka mgumu kama saruji kiangazi na mvua haikuja kama ilivyohesabiwa ofisini. Kutoka juu unaona jinsi ardhi ile ilivyo nyekundu na kavu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kushuka ndiko kunakovunja vifundo vya miguu. Legezeni magoti, hatua fupi, fimbo mbele, na mtu mmoja mmoja penye mawe yaliyolegea, wa nyuma akisubiri wa mbele apishe. Mkikutana na njia pana ya kwanza, msiifuate kwa furaha tu. Hakikisheni na dira kwamba inakwenda kaskazini, maana njia za kuni za upande wa Kongwa nazo huzunguka na kurudi mlimani.

Baada ya kufika

Piga simu kwa mtendaji wa upande ulioanzia, umwambie mmefika wangapi. Mlipe mwenyeji wako na nauli ya kurudi, kwani naye ana safari ya kurudi nyumbani. Kwenda Dodoma, magari hupita Mbande na kushika barabara kuu. Kutoka Mpwapwa safari hiyo ni kama kilomita 120, kutoka Kongwa ni fupi zaidi.

Halafu chukua daftari lako la majina, liandike upya kwa mwandiko unaosomeka, na ulipeleke kwa aliyekupa. Mimi nilimsomea babu yangu yule jina kwa jina, barazani, wajukuu zake wakisikiliza. Alinisahihisha majina mawili, akaniuliza kama mkwaju bado umesimama, kisha akataja jina la tatu, la kijito nilichokuwa nimekivuka mara tatu nikidhani hakina jina.